Simu Inasoma Hewa, Haisomi Lami

Februari 2025 kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilianza kuendesha rasmi modeli yake ya akili mnemba, AIFS, sambamba na ile ya zamani inayokokotoa fizikia. Tangu hapo, kila msimu wa theluji ukikaribia huku Minnesota, Marekani, nasikia kauli ileile: utabiri sasa umekwisha, kompyuta imesoma kama miaka arobaini ya hali ya hewa na inatoa jibu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo zile modeli za zamani za barabara, zinazokokotoa joto la lami, na vile vituo vya vipimo vilivyosimikwa kando ya haiwei ni gharama ya kukatwa. Wanaosema hivyo siyo wajinga. Ila nadhani wamechanganya mambo mawili. Utabiri wa hewa umepiga hatua kubwa, hilo nalikubali bila kinyongo, lakini gari halipiti hewani, linapita juu ya lami, na lami ina joto lake, ina maji yake na ina chumvi yake. Ukizima modeli ya lami kwa sababu modeli ya hewa imekuwa bora, unaondoa kile kitu kimoja kinachomwambia msimamizi wa zamu ya usiku kama atoe malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu saa nane au awaache vijana walale.

Mtu aliyekulia Makete au Njombe hili halihitaji kufundishwa darasani. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa mweupe, nyota zote nje, upepo umetulia, mzee akitoka nje akaangalia juu anajua kesho viazi vimekwenda. Asubuhi majani yana jalidi nyeupe, jua likipanda yananyauka na kuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na bado kipimajoto kilichoning'inia barazani hakikuwahi kushuka chini ya sifuri. Jani limepoa kuliko hewa iliyolizunguka kwa sababu lilikuwa linatoa joto lake kwenda juu angani na anga halikurudisha kiasi cha kutosha. Lami inafanya hivyohivyo. Kitu chochote kilicho kwenye sifuri sentigredi kinatoa mionzi ya joto kama wati 315 kwa kila mita ya mraba, na anga safi la majira ya baridi linaweza kurudisha kama 220 tu, kwa hiyo kila mita ya mraba ya barabara inapoteza kitu kama wati 95 na inabidi ikope kutoka kwenye udongo wa chini na kwenye hewa inayoigusa. Wingu likija linaziba lile pengo na barabara inatulia. Wingu likiondoka saa tisa usiku, lami inaweza kuwa chini ya hewa kwa nyuzi kadhaa kabla hakujakucha, na ikishuka chini ya sifuri na chini ya kile kiwango ambacho unyevu wa hewani unaanza kuganda, barabara inajipaka jalidi yenyewe. Hamna mvua iliyonyesha, hamna theluji iliyoanguka, na apu ya simu inasema nyuzi mbili juu ya sifuri.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilitoka alfajiri na kale kabastola ka kupimia joto kwa mionzi, vile vya bei ndogo mafundi wanavyotumia, nikazunguka kwenye maegesho ya nyumba tunayoishi. Gari lilikuwa linaonyesha hewa ni moja na nusu. Katikati ya maegesho, pale pasipo na kitu juu yake, lami ilisoma hasi tatu. Chini ya kibanda cha kufunika magari ilisoma karibu na sifuri, na hapo ni hatua kumi na tano tu, lami ileile, iliyomwagwa na mkandarasi yuleyule siku ileile. Niliweka kiganja chini pale katikati, kikatoka na unga mweupe. Hako kachombo siyo cha kutegemea kwa vipimo vya kitaalamu, lakini tofauti ya nyuzi tatu ndani ya hatua kumi na tano siyo kosa la chombo, ni anga: pale kwenye kibanda lami ilikuwa inatazamana na bati, pale katikati ilikuwa inatazamana na nyota.

Sasa modeli ya barabara inafanya nini hasa. Chukua METRo ya Kanada, iliyoandikwa na Louis-Philippe Crevier na Yves Delage wa Environment Canada, ikaanza kazi Ottawa mwaka 1999, maelezo yake yakachapishwa 2001, na baadaye ikatolewa bure pamoja na msimbo wake wote wa programu. Haitabiri hewa, hewa inaipokea kutoka kwenye utabiri wa kawaida. Kazi yake inaanzia pale: inahesabu jua linaloingia, mionzi inayotoka, upepo unaochukua au kuleta joto, joto linalopanda kutoka kwenye tabaka za chini za barabara, na joto linaloliwa au kutolewa maji yanapoganda na kuyeyuka. Kabla haijatabiri inachukua vipimo vya masaa yaliyopita kutoka kwenye kituo kilichopo barabarani, inajirekebisha mpaka ifanane na barabara ilivyo kweli, halafu ndo inaanza kwenda mbele. Daraja inalihesabu tofauti na barabara iliyolala ardhini, kwa sababu chini ya daraja hamna udongo wa kukopa joto, kuna hewa baridi inayopita, na ndo maana daraja linaganda wakati barabara ya kabla yake bado ina maji tu. Finland nao wana RoadSurf ya taasisi yao ya hali ya hewa, ambayo inatunza hesabu kama ya duka, maji yaliyopo juu ya lami kiasi gani, theluji kiasi gani, barafu kiasi gani, jalidi kiasi gani, na inahesabu hata matairi yanavyotawanya maji na kuikandamiza theluji ikawa barafu.

Theluji yenyewe ina vituko vyake. Sentimita kumi za theluji kavu ya kwenye baridi kali zinaweza kuwa na maji nusu ya yale yaliyomo kwenye sentimita kumi za theluji nzito ya kwenye sifuri, kwa hiyo ukisikia redioni sentimita kumi bado hujajua lori litasukuma uzito gani. Halafu theluji mbichi inarudisha juu sehemu kubwa sana ya mwanga wa jua wakati lami nyeusi inaumeza karibu wote, maana yake barabara iliyosafishwa saa mbili asubuhi inajikausha yenyewe na jua, na barabara iliyoachwa na blanketi jembamba inabaki na baridi yake mchana kutwa. Kuyeyusha milimita moja ya barafu juu ya mita moja ya mraba kunahitaji kama jouli 306,000, hata jua likikupa wati 200 safi bado utasubiri karibu nusu saa kwa milimita hiyo moja. Modeli ya hewa haijui kama lori limepita au halijapita. Modeli ya barabara, kama imelishwa data ya malori, inaweza kujua.

Na kwa nini nyuzi mbili tatu zipigiwe kelele namna hii? Kwa sababu ya chumvi. Watu wa matengenezo huku wana jedwali lao, wengine wamelikariri kichwani: lami ikiwa kwenye hasi moja, kilo moja ya chumvi inayeyusha barafu kama kilo 46. Lami ikishuka mpaka karibu hasi saba, kilo ileile inayeyusha kama kilo nane na nusu tu na inachukua muda mrefu zaidi, na ukienda chini ya hasi kumi hivi chumvi kavu inakuwa kama mchanga tu, inalala pale mpaka upepo wa magari uifagie mtaroni. Hesabu hiyo yote ni ya joto la lami, siyo la hewa. Msimamizi akitumia namba ya hewa atamwaga kidogo mno usiku mmoja na mara tano ya inayohitajika usiku mwingine, na kote atakuwa amefuata utabiri.

Tuje kwenye hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni kwamba hizi modeli mpya kweli ni nzuri. GraphCast ya Google DeepMind ilipochapishwa 2023 iliipita modeli kuu ya ECMWF kwenye karibu asilimia 90 ya vipimo walivyolinganisha, na GenCast ya Desemba 2024 ikaongeza uwezo wa kutoa uwezekano mbalimbali badala ya jibu moja. Sina ubishi hapo, na modeli ya barabara inafaidika moja kwa moja, kwa sababu ikipewa hewa mbovu inatoa lami mbovu. Lakini angalia ukubwa wa macho ya hizo modeli. GraphCast na AIFS ya 2025 zinaiona dunia kwa vipande vya kama kilomita 28, ni kama kutoka Kariakoo mpaka unakaribia Kibaha kuwe na joto moja, upepo mmoja, wingu moja. Ndani ya kipande hicho kuna madaraja, mabonde, barabara zilizozungukwa na misonobari na zilizo kwenye uwanda mtupu. Macho yatakuwa makali zaidi miaka inayokuja, sawa, ila hata ukifika kilomita moja bado kibanda changu cha magari na ile sehemu ya katikati viko ndani ya kipande kimoja.

Hoja ya pili ndo yenye nguvu, na ingenitikisa kama nisingeifikiria kwa muda. Wanasema sawa, usitumie modeli ya hewa peke yake, chukua rekodi za miaka ishirini za vituo vya barabarani, mpe mashine ajifunze mwenyewe uhusiano wa hewa na lami mahali pale, utapata jibu bora kuliko METRo na bila kuandika mlinganyo hata mmoja. Kwenye kituo chenye rekodi ndefu hii inafanya kazi, na kiukweli wanaopinga moja kwa moja wanajidanganya. Tatizo liko kwenye rekodi zenyewe. Kile kituo hakirekodi barabara ya asili, kinarekodi barabara iliyokwishaguswa. Usiku ambao barabara ilitakiwa kuganda lori lilipita saa tisa na chumvi, kwa hiyo rekodi inasema hasi tatu, barabara imelowa, hamna barafu, na mashine ikiona usiku kama huo mara mia inajifunza kwamba kwenye hasi tatu barabara huwa imelowa tu. Imejifunza tabia za dereva wa lori la chumvi ikadhani ni tabia za lami. Halafu bajeti inakatwa, au mkandarasi anabadilika, lori halipiti, na mashine inasema salama. Modeli ya fizikia unaweza kuiuliza swali ambalo rekodi haina jibu lake: je, tusipomwaga chumvi leo itakuwaje? Hilo swali ndo kazi yote ya usiku.

Na kuna matukio ambayo hayajai kwenye rekodi kwa sababu ni adimu. Tarehe 11 Februari 2021, Fort Worth, Texas, alfajiri kama saa kumi na mbili, mvua ya kugandia iliangukia njia za kulipia za haiwei ya I-35W kwenye sehemu iliyoinuliwa kama daraja, na magari kama 130 yakaingiliana, watu 6 wakafa na wengine 65 wakaumia. Barabara ilikuwa imenyunyiziwa maji chumvi kama masaa 44 kabla. Mwangalie dereva aliyetoka nyumbani asubuhi ile, barabara ya chini ilikuwa inapitika, akapanda kwenye sehemu ya juu kwa spidi ya kawaida na ukuta wa zege kila upande, hana pa kukwepea. Texas haina misimu ya baridi ya kutosha kumfundisha mtu wala mashine. Fizikia ya maji kuganda kwenye zege lenye hewa baridi chini yake ni ileile ya Ottawa, haihitaji kuwa imeonekana Texas mara mia ndo iaminike.

Hapa kwetu Minneapolis mfano uko juu ya mto Mississippi. Daraja la zamani la I-35W, lile lililoanguka tarehe 1 Agosti 2007 likaua watu 13, kabla ya hapo lilikuwa na sifa nyingine: lilikuwa moja ya sehemu za hatari zaidi kwa barafu isiyoonekana katika haiwei zote za mji huu. Mvuke kutoka mtoni na kwenye maporomoko ya Saint Anthony ulikuwa unapanda unakutana na zege lililopoa, moshi wa magari nao una unyevu wake, na barafu nyembamba inajitandika usiku ambao kilomita mbili kutoka pale barabara ni kavu kabisa. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakafunga mfumo wenye vihisi ndani ya daraja na mabomba yanayonyunyiza yenyewe asetati ya potasiamu, dawa ya kuzuia barafu, hali ikifikia hatari, na daraja jipya lililofunguliwa Septemba 2008 nalo lina mfumo wa kunyunyiza na vihisi vyake. Hamna picha ya satelaiti wala modeli ya dunia nzima ingekuambia habari za mvuke wa yale maporomoko. Aliyeijua ni aliyechimba tundu kwenye zege akatia kihisi.

Hoja ya tatu ndo dhaifu kuliko zote na ndo ninayoisikia zaidi, kwamba modeli za nini, wakiwa na wasiwasi wamwage chumvi tu, chumvi ni rahisi. Marekani inamwaga barabarani zaidi ya tani milioni 20 za chumvi kwa mwaka, tayari ndo tunachofanya. Chumvi haiozi na haipotei, inayeyuka inaingia ziwani na inabaki. Watu wa mazingira wa jimbo hili wanasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni tano za maji moja kwa moja, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliona kwamba sehemu kubwa ya chumvi inayomwagwa katika eneo hili la miji miwili, Minneapolis na Saint Paul, kama asilimia 70, haiondoki na mito, inabaki hapahapa kwenye maziwa na maji ya ardhini. Hamna njia ya bei nafuu ya kuitoa tena. Nina watoto wanaoogelea kwenye ziwa mtaani kwetu kila kiangazi na hili linaniuma kweli. Na jedwali lile la juu linasema kwenye lami ya hasi kumi na mbili unamwaga bure, hupati usalama wala huokoi ziwa. Njia ya kupunguza chumvi bila kuua watu ni kujua joto la lami mapema, kunyunyiza maji chumvi kidogo kabla haijaganda badala ya kumwaga magunia baada ya kuganda, na hilo huwezi kulifanya kwa kubahatisha.

Nisije nikaonekana naziabudu modeli za zamani. Waandishi wa METRo wenyewe walieleza wazi kwenye majaribio yao ya mwanzo kwamba karibu nusu ya muda iliweza kutabiri joto la lami ndani ya nyuzi mbili juu au chini, maana yake nusu nyingine ilikosea zaidi ya hapo, na karibu na sifuri nyuzi mbili ni tofauti kati ya maji na barafu. Ukifuatilia makosa yanatoka wapi utayakuta mengi kwenye mawingu yaliyotabiriwa vibaya, kwenye vivuli ambavyo hakuna aliyeviandika, na kwenye malori ambayo modeli haikuambiwa yamepita. Mawingu, hapo akili mnemba iingie kwa nguvu zote, ndo eneo lake. Vivuli vinapimwa: Waingereza tangu miaka ya themanini walikuwa wanapitisha gari usiku lenye kipimo cha mionzi chini yake, barabara hadi barabara, wakapata ramani ya wapi panapoa zaidi. Malori siku hizi yana GPS. Kwa hiyo makosa matatu na dawa zake tatu, na hamna hata moja inayopatikana kwa kuzima modeli ya lami au kung'oa kituo.

Kinachonipa wasiwasi ni kwamba mabadiliko ya tabianchi yanatusukuma upande mgumu wa hesabu. Msimu wa 2023 hadi 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa Minnesota, na mtu anaweza kudhani baridi ikipungua kazi ya barabara inakuwa nyepesi. Usiku wa hasi ishirini ni rahisi kutabiri, kila kitu kimeganda, theluji ni kavu, inasukumwa. Usiku unaopanda na kushuka kwenye sifuri ndo unaoua, mvua inageuka theluji inageuka mvua ya kugandia ndani ya masaa matatu, na lami inachelewa nyuma ya hewa kwa sababu udongo wa chini bado una baridi ya wiki iliyopita. Kadiri usiku wa namna hiyo unavyoongezeka, thamani ya kujua joto la ngozi ya barabara inapanda, na huo ndo wakati watu wanapendekeza tuache kulipima.

Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo huku Marekani na Kanada wanaendesha malori ya masafa, wanatoka yadi saa tisa usiku na simu ikiwa imewashwa kwenye kioo, na namba kubwa iliyo kwenye ile simu ni ya hewa ya mita mbili juu ya majani ya uwanja wa ndege. Majimbo mengi yana huduma ya 511 inayotoa hali ya barabara, na baadhi yanaonyesha hadi joto la lami kutoka kwenye vituo. Hiyo namba ingetakiwa iwe mbele, isitafutwe kwenye kurasa tatu za ndani. Na jimbo likianza kung'oa vituo, ile namba inapotea kwa dereva na inapotea kwa modeli pia, modeli inaanza usiku bila kujua barabara imelala na joto gani, na msimamizi wa zamu anabaki na njia moja tu, kumtuma mtu na gari akaangalie kwa macho. Fort Worth usiku ule walipita na magari kukagua, na hakuna aliyegundua kwamba ile sehemu ya juu ilikuwa inahitaji chumvi tena.